Tarumbeta Juu ya Gari

Nyakaranzi, Busunzu
6 Februari 2023

Kwa Ndugu Mansuri,
Duka la Vifaa vya Umeme na Redio,
Kasulu Mjini

Salaam nyingi sana, na natumaini nyumbani kwako hawajambo. Sisi huku hatujambo. Mvua ipo, na maharage ya msimu wa pili tumeanza kuyaweka ardhini.

Hunifahamu. Naitwa Tharsisi, dereva wa gari la zahanati ya kijiji chetu. Gari hilo tulilichangia wenyewe miaka miwili. Ni la zamani lakini injini yake nzima, na kazi yake kubwa ni kuwafikisha Kibondo akina mama ambao uzazi umewashinda hapa. Shida ni kwamba nikishatoka na gari, nesi hana njia ya kunipata. Bonde lote hili halina mtandao wa simu. Mwezi uliopita alimtuma mtu kwa miguu anitafute njia ya Kitahana huku mgonjwa akisubiri kwenye mkeka. Tulimfikisha, lakini nesi hakunisemesha siku mbili.

Kamati ya gari imekaa na kuamua tununue redio ya upepo: moja ikae zahanati, moja ifungwe kwenye gari. Kuchagua wameniachia mimi, kwa kuwa nimeendesha malori ya chakula cha wakimbizi miaka ishirini na sita na tulikuwa na redio humo ndani. Walikuwapo waliotaka kazi hii apewe Kipriani wa pikipiki, eti ndiye mtu wa kisasa. Kipriani huyo anautamani usukani wangu tangu siku gari lilipofika. Anaendesha kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nikawaambia redio ya upepo si simu ya kupigia muziki, wakakubali.

Basi nieleze ulichonacho, na ipi ina sauti kubwa. Niandikie, usinipigie. Barua mpe kondakta wa basi la Kibondo, ataiacha dukani kwa Zena pale njia panda.

Wako,
Tharsisi


Kasulu
11 Februari 2023

Mzee wangu Tharsisi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikinuka dagaa, maana kondakta aliichomeka kwenye mzigo wa watu. Hata hivyo imesomeka, na mwandiko wako ni mzuri kuliko wa fundi wangu Omary, ambaye risiti zake huwa namwita aje anisomee mwenyewe.

Redio za kwenye gari ninazo za namna mbili. Ya kwanza inaongea mbali, hata Dodoma wakusikie, ila inataka antena ndefu kama ufito wa kuvulia samaki, na inakwaruza kama kitunguu kwenye mafuta ya moto. Ya pili inaongea karibu, kilomita thelathini, arobaini, na sauti yake ni safi. Kasoro yake inapenda kuonana: kilima kikikaa katikati, mazungumzo yamekwisha. Na nyinyi Waha mmejichagulia mabonde kama watu wanaokwepa wageni! Dawa yake ni mlingoti. Zahanati isimamishe antena juu kabisa, na gari lifungwe redio ya wati hamsini. Ningekuwa wewe ningechukua hiyo ya pili bila kufikiri mara mbili.

Nijibu haya. Betri ya gari ni volti kumi na mbili au ishirini na nne? Usije ukaiunguza redio siku ya kwanza, kisha ukaniita tapeli wa pwani. Juu ya bodi kuna mahali pa kufunga antena? Zahanati iko mwinuko gani? Leseni ya masafa nitawafuatilia mimi, msije mkaingia katikati ya maongezi ya watu wengine.

Hayo yote tungeyamaliza kwa simu dakika mbili. Najua Kibondo unafika na mtandao upo. Namba yangu iko juu ya karatasi hii. Nipigie, mzee wangu, tucheke kidogo.

Mansuri


Nyakaranzi
17 Februari 2023

Ndugu Mansuri,

Marahaba. Nashukuru kwa maelezo.

Betri ni volti kumi na mbili. Juu ya bodi kuna kichanja cha mizigo, antena itakaa. Zahanati iko mgongoni mwa kilima cha shule, mlingoti tutasimamisha wa miti miwili iliyounganishwa. Nachukua hiyo ya pili.

Sasa spika. Ndani nataka spika kubwa kuliko inayokuja na redio yenyewe. Tena nataka nyingine ya nje, juu ya gari, ya tarumbeta, kama zile za kuhubiria mikutanoni. Sababu ni kwamba injini ina kelele, na mimi sikai ndani ya gari kutwa nzima. Siku za gulio nalipaki sokoni, nikiwa sina mgonjwa nalipaki shambani. Kile cha kuchomeka sikioni usiniletee. Hata redio ndogo ya mkononi usiniletee, sauti zake ni za mbu.

Kuhusu simu: simu inapita, barua inakaa. Ukiniandikia nitakuwa na ushahidi mbele ya kamati.

Tharsisi


Kasulu
22 Februari 2023

Mzee wangu,

Shikamoo. Leo nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa duka, na Omary nimemtuma sokoni. Nikikosea utanisamehe, nihesabu kama mwanao.

Nimeuza redio miaka kumi na tisa. Mtu anayesumbuliwa na injini huja akiniomba kelele zipunguzwe. Wewe umeomba sauti iongezwe ukiwa ndani, ukiwa nje, gari likienda, gari likiwa limesimama shambani ambako injini imezimwa. Na simu hutaki kabisa, wakati mtu wa Kibondo akiwa na shida hata ya msumari mmoja hunipigia mara nne.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Pangani. Masikio yalipoanza kuziba hakumwambia mtu. Alijifunza kujibu "ndiyo, inshallah" kwa kila kitu, na watu wakamwona mpole. Siku moja wakaja wageni kumposa dada yangu, wakasema yao, naye akajibu "ndiyo, inshallah." Harusi ikafungwa. Bahati shemeji akatokea kuwa mtu mwema, lakini dada hadi leo akipika pilau akimkumbuka baba anacheka mpaka machozi yanamtoka, na mama naye alikuwa akicheka mpaka analia.

Mficha uchi hazai, mzee wangu. Niambie ukweli nikuchagulie kinachokufaa. Zipo redio zinazowasha taa zikiitwa, zipo zinazoonyesha namba ya anayeita kwenye kioo. Lakini siwezi kukuchagulia nikiwa nimefungwa macho.

Mansuri


Nyakaranzi
1 Machi 2023

Ndugu Mansuri,

Nimekaa na barua yako siku nne. Ya kwanza niliyokujibu niliichana, ilikuwa na matusi.

Ni kweli. Sikio la kulia limekufa, ndilo lililokuwa upande wa dirisha la lori. La kushoto nasikia mtu akiwa mbele yangu na nikimwona mdomo. Kwenye simu nasikia upepo tu. Mke wangu anajua. Wewe ni wa pili.

Sasa na wewe nisikilize. Nina miaka sitini na moja. Watoto sita nimewasomesha kwa usukani. Nikiwaambia kamati, kesho yake ufunguo uko mfukoni kwa Kipriani, nami nitakuwa mzee wa kukaa kizingitini, ambaye watu wanampigia kelele kumsalimia kisha wanacheka wakishapita. Sijawahi kugonga hata mbuzi. Macho yangu yanaona jani likitikisika. Njia ya Kibondo naijua shimo kwa shimo. Kwa nini nivuliwe?

Redio yako ya taa itanifaa nini? Itaniambia naitwa, haitaniambia niende wapi. Niletee tarumbeta. Jinsi nitakavyolitumia najua mwenyewe.

Siri hii nimeiweka kwako.

Tharsisi


Kasulu
9 Machi 2023

Mzee wangu,

Shikamoo. Siri yako imefika na imekaa. Omary anakuja Jumanne na redio mbili, mlingoti atausimamia mwenyewe, na tarumbeta amelibeba ingawa amenung'unika njia nzima ya stoo. Nimechagua kubwa. Ukilifungua mpaka mwisho hata ng'ombe wa Muyama watainua vichwa.

Mfundishe nesi: abonyeze kitufe ndipo aongee, akimaliza akiachie. Asipokiachia hawezi kukusikia. Watu wengi wanashindwa hapo tu.

Mungu akulinde barabarani.

Mansuri


Zahanati, Nyakaranzi
2 Mei 2023

Kwa Ndugu Mansuri,

Naitwa Elieth, muuguzi mkunga wa zahanati hii. Nimetoka Same, huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Anwani yako nimeipata kwenye karatasi ya dhamana ya redio. Ningekupigia, lakini niko peke yangu, na kupanda mpaka penye mtandao ni kuwaacha wagonjwa.

Redio yenyewe ni nzuri, nisikufiche. Malalamiko yangu ni kuhusu lile tarumbeta.

Nikimwita Mzee Tharsisi mara moja hajibu. Naita mara ya pili, ya tatu, nataja nyumba ya kwenda, naeleza hali ya mama, ndipo baada ya muda ananijibu "imepokelewa, nakuja." Na kweli anakuja, tena haraka, simlaumu kwa hilo. Lakini nimegundua kwamba kila ninachosema kinasikika soko zima. Wiki iliyopita nimesema chupa ya uzazi imepasuka nyumba fulani, na muuza vitunguu akawa anaisimulia kabla gari halijaondoka.

Wewe unaishi Kasulu, nadhani unawajua watu wa huku. Uchungu wa mama hautangazwi. Anajua mama yake au mkwe wake na jirani mmoja, basi. Wanasema wakijua wengi, mtoto anachelewa kutoka. Mimi nilipofika niliona ni ujinga, sasa nimejifunza kwamba mama ambaye siri yake imetunzwa hunijia mapema, na anayekuja mapema hafi. Machi nilipokea akina mama kumi na mmoja. Aprili wamekuja wanne. Waliobaki wanazalia nyuma ya nyumba, kwa sababu wanaogopa kuitwa sokoni kwa tarumbeta.

Nimemwomba mzee apunguze sauti, akatikisa kichwa akasema ndiyo, ndiyo, na hakupunguza. Nimemwomba tena, akaniambia tarumbeta ni sharti la muuzaji. Je, ni kweli? Kama ni kweli, naomba uliondoe sharti lako. Tuletee spika ndogo ya ndani ya gari.

Nakusihi ufanye haraka.

Elieth


Kasulu
8 Mei 2023

Dada Elieth,

Salaam. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Spika ndogo ninazo. Naomba unipe muda kidogo nimpate fundi, na nizungumze na mzee mwenyewe kwanza, maana ndiye aliyechagua.

Usikate tamaa.

Mansuri


Kasulu
8 Mei 2023

Mzee wangu Tharsisi,

Shikamoo. Leo sina mzaha.

Nesi ameniandikia. Akina mama wamelikimbia tarumbeta. Anasema ulimwambia ni sharti langu. Mimi sikuweka sharti, ila sikukukana, nimemjibu maneno ya mkato kama mtu mwenye hatia, na kweli ninayo. Nilijua na nikakuuzia.

Mwambie mwenyewe. Yule dada haonekani kuwa mtu wa kucheka wazee. Ukiona vigumu, niruhusu nimwambie mimi. Neno moja tu, "mwambie," nami nitaandika siku hiyo hiyo.

Mansuri


Nyakaranzi
15 Mei 2023

Mansuri,

Wewe umeuza redio, ulichoulizwa ni redio. Mambo ya wanawake wa Nyakaranzi wanayajua wa Nyakaranzi. Mama yangu alizaa watoto tisa bila gari na bila redio.

Siri niliyokupa ukiitoa, usiniandikie tena.

Tharsisi


Nyakaranzi
14 Juni 2023

Ndugu Mansuri,

Nakuandikia tena ingawa nilikukataza. Nimekuwa na aibu ya kushika kalamu.

Binti yangu wa mwisho, Josephina, ameolewa hapa hapa kijijini, na mtoto wa Nduwayezu. Kwa desturi yetu mimba ya kwanza msichana huja kuzalia kwa mama yake, kwa hiyo tangu Mei alikuwa kwangu. Jumatano iliyopita, tarehe saba, siku ya gulio, uchungu ulimwanza asubuhi nikiwa nimeshaondoka na gari. Mama yake akataka kumwita nesi. Josephina akamshika kanga, akamwambia, "Mama, usiende. Baba mkwe yuko sokoni na mbuzi zake. Tarumbeta la baba litanitaja mbele yake." Wakangoja gulio livunjike.

Mtoto alizaliwa saa saba mchana nyuma ya jiko, mzima. Kisha damu ikaanza na haikukata. Hapo mke wangu akakimbilia zahanati, nesi akachukua begi lake na kabla ya kutoka akaita kwenye redio. Aliita mara tano. Alisema kila kitu, Mansuri. Alisema nyumba yangu, akasema damu, akasema haraka.

Sasa nikuambie nilichokuficha hata wewe. Tarumbeta lile halikuwa la masikio yangu. Hata likifunguliwa lote, kwangu ni ngurumo tu, najua naitwa na sijui naambiwa nini. Lilikuwa la masikio ya soko. Likilia, mimi natazama nyuso za watu. Mama mmoja atanionyesha kidole upande wa kwenda, mwingine atanijia mbele, "Tharsisi, kimbia, ni kwa fulani." Ndivyo nilivyoendesha miezi mitatu. Soko zima lilinisikilizia bila kujua.

Siku hiyo likalia, nikageuka, nikatazama nyuso. Kila mtu alikuwa ameangalia chini. Baba haambiwi habari ya uchungu wa binti yake, tena mkwewe akiwa amesimama hapo hapo. Walidhani nimesikia kama walivyosikia wao, na kwamba nimekaa kwa uchungu nikijikaza. Walikuwa wananisitiri. Likalia mara ya pili, wakageuza migongo. Nikasema moyoni, basi si jambo kubwa, na nikamwomba muuza chai aniongeze kikombe. Nilikunywa chai, Mansuri. Nilikunywa nikaimaliza.

Aliyeniokoa ni Kipriani. Alikuja akanishika mabega, akaniangalia usoni, nikaona machozi yake. Akasema taratibu, akifungua mdomo kila neno, "Mzee, ni Josephina. Anakufa." Sijui alijua tangu lini. Nilimpa ufunguo. Tulimpakia Josephina, naye akaendesha hadi Kibondo kama anayefukuzwa na nyuki, nami nyuma nimeshika kichwa cha mwanangu, na njia nzima sikumwambia apunguze.

Yuko hai. Aliongezewa damu chupa nne. Lakini ili damu ikome walilazimika kumtoa kizazi. Ana miaka ishirini na mbili. Yule mtoto wa kike ndiye wake wa kwanza, na ndiye wa mwisho.

Sasa yatoe yote kwa yeyote unayemtaka.

Tharsisi


Kasulu
20 Juni 2023

Mzee wangu,

Nimesoma barua yako nikafunga duka. Pole. Pole wewe, pole Josephina, pole mama yake.

Nimemwandikia Dada Elieth leo hii. Sikumweleza habari zako, hizo ni zako kuzisema. Nimemweleza zangu: kwamba tangu Machi nilijua kwa nini uliomba tarumbeta, na kwamba alipolalamika nilimpiga chenga. Omary anakuja na spika ndogo. Atalishusha tarumbeta na kulirudisha huku. Sitaki kuliona, nitamwambia aliache stoo.

Mansuri


Zahanati, Nyakaranzi
3 Julai 2023

Ndugu Mansuri,

Barua yako ya tarehe 20 nimeipata. Umeomba nikusamehe. Bado sijaweza. Nilikuwa nimeshika tumbo la yule binti kwa mikono miwili nikisikiliza injini, na wewe ulikuwa umeniandikia nisikate tamaa. Labda siku moja nitaweza, lakini leo sitakudanganya.

Mzee hakuningoja nimuulize. Aliitisha kikao cha kamati tarehe 25, akasimama mbele ya watu wote na mkwewe Nduwayezu akiwepo. Akasema masikio yake yamekufa miaka mingi, na kwamba kuogopa kuchekwa ndiko kulikomfanya amwache mwanawe anavuja damu huku yeye anakunywa chai. Hakuna aliyecheka. Aliweka ufunguo mezani. Nduwayezu akainuka, nikadhani atamtukana, akaenda kukaa karibu naye kwenye benchi.

Mimi nilikuwa nimejaa hasira. Nilimwandikia kwenye karatasi ya dawa: "Ungeniambia, ningekuwa nakuandikia." Akaisoma, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Akasema kwa sauti kubwa, hajui kwamba ni kubwa, "Nesi, sikujua kwamba inawezekana." Hasira zangu zikapungua nguvu palepale.

Gari amepewa Kipriani. Omary amefunga spika ndogo, na kile cha kuchomeka sikioni. Majina sitaji tena, nataja kitongoji tu, mengine mama wa nyumba anamweleza akifika. Mzee ndiye anayemfundisha Kipriani njia. Hukaa kiti cha pembeni, na penye shimo anamgusa gotini.

Asante kwa spika.

Elieth


Nyakaranzi
24 Agosti 2023

Ndugu Mansuri,

Salaam. Kiangazi kimekaza, vumbi limeingia mpaka kwenye vyungu.

Umeniuliza kama naumia nikiliona gari likipita bila mimi. Naumia, wala sikufichi. Siku za kwanza nilikuwa naamka nikitafuta ufunguo chini ya mto. Pale kituo cha basi watu wanamwita Kipriani dereva, mimi nimerudi kuwa Baba Josephina. Watoto wananisalimia kwa mikono miwili hewani kama wanaowinga ndege. Wengine wanacheka, na niligundua kwamba kuchekwa hakuui mtu.

Josephina hajaniuliza kitu hata kimoja. Mume wake anakuja kila jioni, anachota maji, hajamtamkia neno baya. Asubuhi Josephina ananiletea mtoto nimshike wakati anafagia. Akilia naona mdomo tu. Najifunza kumjua kwa mdomo: huu ni wa njaa, huu ni wa usingizi, huu ni wa ubishi wa ukoo wetu. Lakini yupo mtoto mmoja tu, na palipotakiwa kuwa na wengine ni mimi niliyepafunga. Hilo nitazikwa nalo.

Jana ilikuwa gulio. Nilikaa kwenye benchi la muuza chai, na gari lilikuwa limepakiwa palepale nilipokuwa nalipaki mimi. Kipriani alikuwa anabishana na watu habari za mpira. Ghafla nikamwona anainua mkono, anashika sikio. Akaweka kikombe chini taratibu, akaaga kama mtu anayekwenda kujisaidia, akaingia garini, akaondoka kuelekea bondeni.

Nikafanya kama nilivyozoea, nikazitazama nyuso za watu. Mama wa maharage alikuwa anapima maharage. Muuza vitunguu alikuwa amesinzia. Nduwayezu alikuwa anavuta kamba ya mbuzi aliyegoma. Hakugeuka hata mmoja.

Mahali fulani kuna mwanamke alikuwa ameshikwa na uchungu, gari lilikuwa linamwendea, na mkwe wake alikuwa sokoni hajui. Soko zima halikusikia chochote, kama mimi. Nikaagiza chai, nikamwita Nduwayezu tukanywa wote.

Nisalimie Omary, na wa nyumbani kwako.

Tharsisi